Swichi ya Matangi Mawili

Betri ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili ilikuwa stoo, na mwenye funguo za stoo alikuwa amekwenda nazo kunywa chai. Ya tatu Koplo aliing'oa kwenye gari la kituo bila kumwomba mtu ruhusa, akaja nayo ameikumbatia tumboni, na mpaka anafika uwanjani shati lake lilikuwa limeshaingia doa la tindikali.

Inspekta hakumpa pole. Tangu saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja ndani na mmoja nje kwa sababu ya goti lake, akitazama dashibodi ya lori lililotengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa na miaka arobaini na minane. Mkuu wa kituo alikuwa amempa mpaka Ijumaa saa sita mchana afunge jalada. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumapili asubuhi lori hilo, limesheheni matofali, lilizimika katikati ya kivuko cha reli. Dereva wake alijaribu kuliwasha, likagoma, akajaribu tena mpaka betri ikaisha nguvu. Aliposikia honi ya treni alivua shati, akakimbia juu ya reli akilipepea. Dereva wa treni ya mizigo alimwona, akafunga breki, lakini treni si baiskeli. Iligonga mkia wa lori na kulizungusha mpaka mtaroni. Dereva wa treni alikatwa mguu chini ya goti siku hiyohiyo. Dereva wa lori hakupata hata mchubuko, na hilo ndilo lililomponza, maana watu hawampendi aliyetoka mzima. Watu wa reli walifungua tangi la lori la kushoto, wakalikuta kavu, wakaandika: uzembe, aliishiwa mafuta. Naye dereva, tangu Jumapili, kila akiulizwa alirudia maneno yaleyale: geji ilionyesha nusu.

Lori lilikuwa na matangi mawili ya dizeli, moja kila upande nyuma ya mlango, na geji moja tu. Kando ya kiti kulikuwa na wenzo. Ukiuvuta kushoto, injini inakunywa kutoka tangi la kushoto. Ukiuvuta kulia, inakunywa la kulia. Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi ndogo. Ukiilaza upande huu geji inasoma tangi la kushoto, ukiilaza upande ule inasoma la kulia. Wenzo unahamisha mafuta, swichi inahamisha macho. Basi. Inspekta alikuwa amepoteza siku nzima kuyaelewa hayo mambo mawili, kwa sababu kila fundi aliyemuuliza alianza kumweleza habari za injini na akamaliza na habari za ujana wake.

"Funga waya," alisema.

Koplo alifunga. Inspekta akazungusha ufunguo. Kwanza hakukutokea kitu, Koplo akaanza kuguna, halafu mshale wa geji ukatikisika na kupanda polepole mpaka nusu. Ukasimama hapo.

Swichi ilikuwa imelala kushoto, vilevile ilivyokutwa Jumapili. Tangi la kushoto lilikuwa kavu; yeye mwenyewe alikuwa amelitia fimbo asubuhi ile na kuitoa haina hata harufu. Akailaza swichi kulia. Mshale haukusogea. Akairudisha kushoto. Haukusogea. Akamwambia Koplo atie fimbo tangi la kulia, na Koplo akarudi nayo imelowa dizeli mpaka katikati.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa rumande siku ya tano hakuwa amesema uongo. Geji ilionyesha nusu kweli, ila nusu hiyo ilikuwa ya tangi la jirani.

"Au imeharibiwa na mgongano," Koplo alisema.

Inspekta aliomba bisibisi. Iliyokuwepo ilikuwa ya nyota, na skrubu zilikuwa za mfereji. Akahesabu moyoni mpaka kumi. Alizifungua kwa ncha ya kisu cha Koplo, akavuta swichi nje pamoja na waya zake, akaigeuza kwenye mwanga. Kiwiliwili chake, kile kisanduku cha nyuma, kilikuwa kimeungua zamani. Weusi wake ulikuwa mkavu na umeshikwa na vumbi la miaka. Ndani, kupitia ufa, ulimi wa shaba ulionekana umegandana na mguu wa upande wa kulia. Ungeilaza swichi utakavyo, ulimi usingetoka hapo. Mgongano wa Jumapili hauwezi kuleta vumbi la miaka.

Koplo alipiga kofi pajani. Alikuwa amesoma maelezo ya dereva ya Jumatatu: kwamba swichi ya zamani ilikufa miezi saba iliyopita, kwamba kiwanda chake kilifungwa zamani na kipuri hicho hakipatikani popote, kwamba mdogo wake ambaye ni fundi alihangaika mpaka akaipata nyingine, akaifunga wiki tatu zilizopita, ikafanya kazi vizuri. Mdogo wake naye aliandika hivyohivyo, neno kwa neno.

"Sasa hii ni nini? Ni ileile mbovu. Hakubadilisha kitu, afande. Wamekaa chini ndugu wawili wakatunga hadithi. Tufunge jalada, nikarudishe betri ya watu."

Inspekta aliitia swichi kwenye mfuko wa karatasi. Kwa kweli yeye pia alikuwa ameanza kufikiri hivyo, na ilimuudhi kwamba Koplo ndiye aliyelisema kwanza.

Kwenye mapokezi ya kituo walipishana na huyo mdogo mtu, akitoka. Fundi alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, kucha zenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni. Tangu Jumapili alikuwa akimletea kaka yake chakula mara mbili kwa siku, mchana na saa kumi na moja jioni, bila kukosa hata mara moja. Alisimama pembeni kumpisha Inspekta, akauliza kwa adabu kama kaka yake atatoka lini. Inspekta alimjibu kwamba atatoka siku watu watakapoacha kumpa ukweli wa kukatakata. Fundi akainamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake.

Dereva aliletwa chumba cha mahojiano akiwa bado anafuta mdomo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mkimya, na alikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo Koplo alilichukua kama dalili ya hatia. Inspekta hakumwonyesha swichi. Alimwambia aieleze.

Alieleza. Ile ya zamani, alisema, kichwa chake cha kushikia kilikuwa kipara kabisa. Kilikuwa na mishale miwili myeupe, mmoja unaelekeza kushoto na mwingine kulia, lakini dole gumba lake liliifuta mishale hiyo miaka mingi iliyopita. Hii mpya ilikuwa na mishale yake yote, myeupe kama meno. Aliipenda. Mke wake alimcheka kwa kuipangusa kila asubuhi.

Inspekta alimuuliza alipimaje mafuta katika ile miezi saba.

"Kwa fimbo. Kila asubuhi, tangi moja moja. Siku mdogo wangu aliponifungia swichi, tulijaribu pamoja, tukalinganisha na fimbo, ikasema kweli tupu. Nikaitupa fimbo." Alitazama dole gumba lake. "Miezi saba sikuamini kitu, afande, na sikupatwa na kitu. Nimekuja kuamini, ndiyo haya."

Aliulizwa Jumapili aliona nini. Alisema aliwasha, akatazama kushoto, nusu. Akatazama kulia, nusu. Hakushangaa; aliona ni bahati. Lori lilipozimika relini alivuta wenzo kulia upesi, lakini dizeli ikishakatika, bomba linaingia hewa, na injini ya namna ile haiwaki mpaka mtu ashuke na spana aitoe hewa. Nusu saa kwa mtu mwepesi. Yeye alikuwa na dakika nne.

Dereva aliporudishwa rumande, Inspekta alimimina swichi mezani. Kichwa chake kilikuwa na mishale miwili, myeupe, hakuna hata mmoja uliofutika.

Koplo alikodoa macho. Inspekta alikishika kichwa kwa vidole viwili, akakivuta. Kiling'oka, kikiacha uzi mwembamba wa gundi, mbichi bado kiasi cha kuvutika.

Aliviweka vitu viwili kando kando: kichwa cha kijana, na kiwiliwili cha mzee. Kama ndugu wangetunga hadithi, kichwa hicho kingetoka wapi? Swichi nzima ilipatikana kweli, ikafungwa kweli, ikafanya kazi kweli. Halafu mtu akaja akaichukua, akarudisha ile iliyoungua, na kabla ya kuondoka akahamisha kichwa ili dereva asione tofauti. Mtu huyo alijua kufungua dashibodi. Na swichi mbovu alikuwa ameihifadhi, au alijua ilipo.

Koplo alisema basi ni huyohuyo fundi, twende tukamkamate. Inspekta alimuuliza atamwambia hakimu fundi alifanya hivyo kwa nini. Mtu ahangaike miezi saba kutafuta kitu, akifunge, halafu akiibe kwenye lori la kaka yake wa tumbo moja? Koplo akaanza kuulizia tena habari za betri.

Muuza vipuri vikuukuu aliitwa Maktaba, kwa sababu hakuwa na daftari wala rafu; kila kitu kilikuwa kichwani. Duka lake lilikuwa kontena lenye vilima vya vyuma, na yeye akiwa amekalia gurudumu katikati. Inspekta alimuuliza swali moja, naye akaanza kujibu mengine matatu. Alisimulia lori lile lilivyokuwa likitengenezwa, kwa nini waliacha, na nani alikuwa nalo la kwanza mjini. Inspekta alimkata kauli mara mbili kwa heshima na mara ya tatu bila heshima.

Ndiyo, alimuuzia fundi swichi ya matangi mawili, mwezi uliopita. Aliitoa kwenye lori lililooza shambani kwa mtu. Nzima, kichwa kina mishale. Inspekta alimpa ile ya kwenye mfuko. Maktaba aliigeuza tu, akairudisha.

"Hii haijapita mkononi mwangu. Kila kinachotoka hapa nakikata kwa tupa, mikato miwili mgongoni. Wateja wangu wana tabia ya kununua kizima na kurudisha cha shangazi yao. Tafuta yenye mikato miwili, dada, ndiyo yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kumpa kitu chenye maana, na Inspekta alikuwa karibu kumshukuru, Maktaba alipoongeza kwamba ajabu ni kwamba swichi za namna hiyo hazikuulizwa na mtu kwa miaka, halafu zikaulizwa na watu wawili. Nani wa pili? Maktaba alishangaa kwamba hakumwambia tangu mwanzo. Ni yule mzee mpimaji ardhi mstaafu, anayetunza lori la zamani kama mtoto mchanga. Alikuja mara kumi na moja. Alipoambiwa imekwenda kwa fundi, aliomba aelekezwe banda la fundi liko wapi, na Maktaba, ambaye hana roho mbaya, alimwelekeza.

"Hilo ungeniambia nusu saa iliyopita," Inspekta alisema.

"Nusu saa iliyopita hukuniuliza."

Mzee Mpimaji aliwapokea akiwa amevaa aproni safi. Lori lake lilikuwa chini ya paa lake lenyewe, sakafu ya saruji imepigwa deki, na lilikuwa pacha wa lile lililolala uwanjani kwa polisi, ila hili ungeweza kunyolea ndevu kwenye bampa lake. Aliwaomba wapanguse viatu. Koplo alimtazama Inspekta kuona kama atapangusa. Alipangusa.

Mzee alidhani wamekuja kulitazama, kama watu wengi wanavyokuja. Aliwaonyesha taa, honi na saa ya dashibodi, ambayo ilikuwa inakwenda. Inspekta aliomba aone swichi ya matangi. Mzee alifurahi. Aliilaza kushoto, mshale ukaenda. Akailaza kulia, mshale ukaenda kwingine. Inspekta akamwomba Koplo kisu chake.

Mzee alianza kulalamika kuhusu rangi ya dashibodi, lakini skrubu mbili zilikuwa zimeshatoka. Mgongoni mwa swichi, juu ya bati safi, kulikuwa na mikato miwili ya tupa.

Alipoulizwa, hakuficha kitu. Aliona hana cha kuficha. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani, na waamuzi wa maonyesho hayo hubonyeza kila kitu. Mwaka jana alikosa ushindi kwa alama moja, sababu ya swichi hiyohiyo. Alimfuata fundi bandani, akamwomba aiazime kwa siku tatu tu. Kichwa alikuwa nacho chake, kizuri zaidi, kwa hiyo fundi alibaki na kichwa. Wao wenye magari ya namna hiyo walikuwa kumi na moja mjini, na yeye alimwahidi fundi kwamba akimfanyia hisani hiyo, magari yote kumi na moja yatakuwa yake kuyatunza. Na huyu ni fundi ambaye banda lake ni turubai tu, mvua ikinyesha anafunga. Alifikiri sana, mzee alisema, halafu akakubali. Ijumaa jioni alikuja kuifunga mwenyewe. Alisema ni ya lori la kaka yake na kaka yake ameridhia. Angeichukua Jumatatu asubuhi, lakini Jumatatu hakuja, na mzee aliona labda hana haraka.

"Ulisikia habari za ajali ya reli?" Inspekta alimuuliza.

Alisikia. Kila mtu alisikia. Alisema watu siku hizi hawatunzi magari yao.

Inspekta alimwambia lori lile ni la nani. Mzee alishika mlango wa lori lake, kisha akaona alama ya vidole aliyoiacha pale juu ya rangi, akaifuta kwa aproni bila kufikiri, halafu akabaki ameishika aproni.

"Ulishinda?" Koplo aliuliza.

"Nimekuwa wa pili," mzee alisema kwa sauti ndogo.

Njiani kurudi, Koplo alipojaribu kusema kwamba kumbe yeye alimtaja fundi tangu mchana, Inspekta alimwambia aangalie barabara.

Saa kumi na moja kamili fundi aliingia kituoni na hotipoti ya chakula. Safari hii aliambiwa aiache kaunta na apite ndani. Mezani palikuwa na swichi mbili, moja imeungua na moja nzima, zimegeuzwa migongo juu. Alizitazama kabla hajaketi.

Inspekta hakumpigia kelele. Alikuwa amechoka mno. Alimwambia aanze Ijumaa, asiruke.

Fundi alisimulia vizuri kuliko wote waliotangulia siku ile. Ijumaa kaka yake alipokwenda kuoga, alifungua dashibodi, akatoa nzima, akafunga mbovu aliyokuwa nayo bandani. Siku tatu. Alijua mbovu ile imegandana kulia. Alipiga hesabu kwamba matangi yote yana mafuta ya kutosha kufika Jumatatu. Jumamosi usiku hesabu ilimtia wasiwasi, akaenda kwa kaka yake.

"Nilimwambia, kaka, kesho kabla hujatoka tia dizeli tangi la kushoto. Akacheka. Akasema, si umenitengenezea geji wewe mwenyewe? Inaonyesha nusu." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nikanyamaza."

"Kwa nini hukumwomba tu tangu mwanzo?"

"Angekataa. Ameingoja miezi saba. Na angeniambia nimetawaliwa na tamaa. Kaka yangu akisema neno, afande, linakaa."

"Kwa hiyo unasema uliazima."

"Niliazima."

"Anayeazima hafichi. Kichwa ulikihamisha kwa nini? Tena kwa gundi."

Nje mtu alikuwa anauliza nani amechukua betri ya gari la kituo. Inspekta aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Alingoja. Alikuwa tayari kungoja mpaka Ijumaa saa sita.

"Ili asijue," fundi alisema mwishowe.

"Na hizi siku tano? Umeleta chakula mara tisa. Unamwona ndani. Unaniuliza mimi atatoka lini."

"Kila nikija najiambia leo nasema. Nikimwona anakula, nashindwa."

Koplo aliandika yote. Kalamu ilikwama karatasi ya pili, akatafuta nyingine, nayo haikuwa na wino. Ikabidi fundi mwenyewe atoe yake mfukoni.

Utaratibu ulimtaka Inspekta amwarifu mshukiwa wa kwanza kwamba jalada lake limebadilika. Alimleta dereva chumba kilekile. Hakutaka asikie kwa mlinzi. Alimweleza kwa maneno machache, akimwonyesha swichi moja baada ya nyingine, na mdogo wake akiwa ameketi pale, kidevu kifuani.

Dereva alifikiri, kama kawaida yake. Kisha akasema na Inspekta, si na mdogo wake.

"Andika kwamba nilimruhusu."

"Ukisema ulimruhusu, maana yake ulijua geji ni mbovu, na ukapanda relini unajua. Kosa lote linakuwa lako. Unafungwa wewe."

"Najua. Wangu wameshakua, wanajitegemea. Yeye ana watatu, mkubwa hajafika miaka saba. Andika."

Inspekta aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Siku tano alikuwa amezungushwa na watu waliosema nusu, waliosema sana, na waliojibu walichoulizwa tu. Sasa amepata mtu wa kusema kitu kizima kwa sauti ya moja kwa moja, na kitu chenyewe ni uongo.

"Siandiki," alisema. "Nimechoka kuandika vitu ambavyo havikutokea."

"Kaka, acha," fundi alisema. Alivuta karatasi, akatia sahihi pale Koplo alipokuwa amemwonyesha, na hata pale asipomwonyesha. Hakuthubutu kunyanyua macho.

Dereva aliitazama sahihi ile. Akauliza jambo moja tu: yule dereva wa treni, nani amemwambia? Koplo alisema hakuna, ataarifiwa na ofisi yake kwa barua baada ya shauri kufunguliwa.

"Basi kabla hamjamfungia, mpelekeni akamwambie mwenyewe. Mimi nilimpungia shati yule mtu. Aliniona. Anadhani ni mimi." Halafu, kwa mara ya kwanza, akamgeukia mdogo wake. "Utasimama mbele yake. Usikae hata ukipewa kiti."

Koplo alisema utaratibu hauruhusu. Inspekta alimwambia kwamba utaratibu huohuo ulimweka mtu asiye na kosa kwenye sakafu ya saruji siku tano, na kwamba kama Koplo anaona vibaya anaweza kubaki akamweleze mkuu wa kituo habari za betri. Koplo akaenda kuirudisha betri kwenye gari.

Walifika wodini saa ya kutazama wagonjwa ikikaribia kwisha. Dereva wa treni alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mtu mnene wa makamo, shuka imenyooka mahali ambapo mguu ulipaswa kuinyanyua. Mke wake aliondoa mfuko wa machungwa kwenye kiti, akakisogeza kwa mgeni. Fundi hakukaa. Alieleza alivyoeleza kituoni, kuanzia Ijumaa, bila kuruka, na mara mbili sauti ilikatika ikabidi aanze sentensi upya. Inspekta alisimama mlangoni ili asimsaidie.

Mgonjwa hakumkatiza. Fundi alipomaliza, muuguzi alikuja kuchungulia, akaondoka.

"Kaka yako," mgonjwa aliuliza, "ulikuwa unajua anapita relini?"

"Nilikuwa najua."

"Mara ngapi kwa wiki?"

Fundi alitazama shuka iliyonyooka.

"Kila siku," alisema.

Dereva wa treni alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepewa namba aliyokuwa akiitafuta. Alimwambia mke wake amgeuze upande wa dirisha. Mke wake alimgeuza, akaweka mto chini ya paja, akavuta shuka, kisha akamtazama Inspekta kumaanisha kwamba saa imekwisha.